Una Watu Mahakamani?



Vijana wenzangu, leo nataka tuongee kuhusu ajira, na hasa ajira ya vijana waliosoma sheria. Najua wengi mnaosoma hapa si wanasheria. Kuna walimu, wauguzi, wahasibu, na wengine bado mko sekondari. Msiondoke. Swali ninalolileta litamhusu kila mmoja wetu siku atakapokaa kwenye kiti cha usaili: je, inaruhusiwa kuingia kwa mlango mbaya ukiwa na nia ya kuwa mtu mwema ukishafika ndani?

Mtaani tunasema "ingia kwanza." Ingia kwanza, mengine utayarekebisha huko huko. Nimeambiwa maneno hayo na watu wanaonipenda, kwa hiyo siwezi kuyapuuza. Nataka tuyapime.

Kwanza niwaeleze njia yetu ilivyo, ili mwelewe kwa nini swali hili linauma. Shahada ya kwanza ya sheria ni miaka mitatu au minne, kutegemea chuo. Ukimaliza bado hujawa wakili. Unaenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, ile ambayo sisi tunaiita tu Law School, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2008. Mitihani yake si mchezo. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, mpaka Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza. Ukivuka hapo ndipo unaomba kuapishwa na Jaji Mkuu na kuingizwa kwenye orodha ya mawakili.

Sasa piga hesabu. Mpaka kijana anafika hapo, nyumbani wamesubiri miaka mingapi? Kuna mzazi aliyeuza ng'ombe, kuna shangazi aliyechangia nauli, kuna wadogo wanaomwangalia. Na kama alisomeshwa na Bodi ya Mikopo, siku atakayopata ajira, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Hivyo anapokwenda kwenye usaili anakwenda na ukoo mzima mgongoni.

Na kazi zenyewe zinapatikanaje? Serikalini unaomba kupitia Sekretarieti ya Ajira. Ukitaka uhakimu unaomba kwa Tume ya Utumishi wa Mahakama. Huko kuna tangazo, kuna mwisho wa kutuma maombi, kuna mtihani wa kuandika. Lakini ofisi binafsi za mawakili mara nyingi hazitangazi. Wanakuona ukiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, wanaangalia unavyoandika hati, unavyoongea na wateja, unavyowahi asubuhi. Au mtu anampigia mtu simu: "Nina kijana wangu hapa." Ajira ya aina hii inapita kwenye kufahamiana, na kufahamiana siyo dhambi. Hata Andrea alimpeleka Simoni kwa Yesu kwa sababu alikuwa ndugu yake.

Ila kuna kufahamiana kwa aina nyingine.

Nilipomaliza Law School nilifanya usaili kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Maswali yalianza vizuri: masuala ya ardhi, mirathi, jinsi ya kuandaa kiapo cha maandishi. Nilijibu. Kisha yule aliyekaa katikati akafunga faili langu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mahakamani una watu?"

Nilidhani anauliza kama nimezoea mazingira. Nikasema ndiyo, wakati wa mafunzo nilikuwa nakwenda masjala karibu kila siku, makarani wananifahamu kwa jina. Akatabasamu. Akasema, "Sawa, lakini namaanisha watu. Faili likikwama, tunataka mtu wa kulikwamua." Na kidole chake gumba kikasugua kidole cha shahada. Hapo hata mtoto wa darasa la kwanza angeelewa.

Nikasema faili likikwama nitaandika barua ya kufuatilia, na isipojibiwa nitakwenda kwa msajili. Wakashukuru kwa muda wangu. Simu haikupigwa.

Jioni mjomba alinipigia kuuliza imekwendaje. Nikamweleza. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, si ungesema tu unao? Ungeingia kwanza. Ukishakuwa ndani, ukifika wakati wa kutoa hiyo hela, ungejifanya umeshindwa. Ofisi ile ingekuwa na mtu mmoja mwema zaidi. Sasa watamchukua nani? Watamchukua anayetoa kweli."

Hii ni hoja yenye nguvu, msiicheke. Mjomba wangu ni mzee wa jumuiya ndogondogo, anasali kuliko mimi. Hoja yake ina miguu miwili. Mguu wa kwanza: nina wajibu kwa familia, na Amri ya Nne haijafutwa. Mguu wa pili: watu wema wakikaa nje wote, ndani watabaki wabaya watupu, na maskini ndiye atakayeumia. Nimeifikiria kwa muda mrefu. Haya ndiyo ninayoona.

La kwanza, mwajiri anaajiri kile ulichomwambia. Fikiria kocha anatafuta golikipa. Wewe ni mshambuliaji, lakini unataka timu, unasema "mimi ni golikipa." Unasajiliwa. Siku ya mechi hatakuuliza moyoni unajisikia nani. Atakupa glavu na kukusimamisha golini. Ukimwambia mwajiri kwamba una watu mahakamani, umeajiriwa kuwa mtu mwenye watu. Hiyo ndiyo kazi yako. Siku ya kwanza ya faili kukwama, macho yote yatakugeukia. Yule mtu mwema unayepanga kuwa baadaye hakufanyiwa usaili, hana mkataba, hana dawati pale ofisini. Aliyeajiriwa ni mwingine.

La pili, Kanisa linatufundisha jambo ambalo linaonekana gumu lakini linatulinda: nia njema haiwezi kuligeuza tendo ovu kuwa jema. Katekisimu inalisema wazi, na Mtakatifu Paulo alishalipinga wazo hilo katika Waraka kwa Warumi, pale alipokataa kwamba tunaweza kutenda maovu ili mema yaje. Kwa nini Kanisa linang'ang'ania hapa? Kwa sababu kila mmoja wetu ana nia njema ya kutosha kuhalalisha chochote. Mimi nikijiachia, naweza kuhalalisha rushwa kwa kutumia dawa za mama. Ukiniuliza, nitakulilia kabisa.

La tatu ndilo lililonipata zaidi, na lilichukua muda kuja. Tunaposema "kukwamua faili," tunasahau kwamba mafaili yapo mengi mezani. Siku hizi kusajili mashauri kwa mtandao kumeleta nafuu, lakini siku ya jaji au hakimu bado ina saa zile zile. Faili langu likivutwa juu kwa hela, kuna faili lingine limesukumwa chini. La nani? La yule asiyekuwa na watu. Pengine ni la mjane anayedai shamba aliloachiwa na mumewe, amekuja na basi la alfajiri, ameambiwa arudi mwezi ujao. Naye ana watoto. Naye ana mtu anayesubiri ada.

Nawaambia hivi kwa sababu uamuzi wangu ulikuwa na gharama, na gharama hiyo haikulipwa na mimi peke yangu. Sitawadanganya kwamba Mungu alinipa kazi bora zaidi wiki iliyofuata. Nilikaa miezi saba bila kazi. Mdogo wangu alikuwa chuo cha uuguzi, na muhula ule alizuiwa kufanya mitihani kwa sababu ya ada. Alirudi nyumbani na begi lake. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama.

Hapo ndipo swali linapokuwa swali kweli. Je, nina haki ya kumlipisha mdogo wangu gharama ya dhamiri yangu? Nimesikia watu wakijibu haraka haraka: "Mungu atatoa." Mungu hutoa, naamini. Lakini tusitumie jina lake kufunika jeraha la mtu mwingine. Jibu langu ni hili: sikuwa nachagua kati ya mdogo wangu na usafi wangu. Kama ingekuwa hivyo tu, pengine mjomba angekuwa na haki ya kuniita mbinafsi. Nilikuwa nachagua kati ya mdogo wangu ninayemjua na mtoto wa mjane nisiyemjua. Ada ya mdogo wangu ingetoka mfukoni mwa yule mtoto, ila mimi nisingeuona mkono ukiingia. Rushwa ina ujanja huo: anayefaidika unamwona kila siku mezani kwako, anayeumia hana sura. Na Injili, kama mnavyojua, imejaa Yesu akiwapa sura watu wasioonekana.

Sasa, msije mkaelewa kwamba nasema kijana Mkatoliki asifanye kazi mahali penye dhambi. Tukisema hivyo tutabaki wote nyumbani. Turudi kwa Yohane Mbatizaji. Watoza ushuru walimwendea wakamuuliza wafanye nini. Ile ilikuwa kazi iliyochukiwa, imejaa wizi. Lakini hakuwaambia waiache. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kile walichopangiwa. Askari nao wakauliza, nao akawaambia wasidhulumu watu na waridhike na mishahara yao. Kwa hiyo ofisi yenye wadhambi siyo tatizo. Mimi mwenyewe nikiingia tayari inaye mmoja. Tatizo ni pale ambapo dhambi ndiyo sifa ya kuajiriwa. Mstari wangu uko hapo. Ukiajiriwa kufanya kazi ya haki pamoja na watu wasio wakamilifu, ingia, tena ingia kwa furaha. Ukiajiriwa kwa ajili ya lile jambo baya lenyewe, huo siyo mlango wa kuingilia.

Vivyo hivyo mshahara mkubwa siyo dhambi. Kuitetea benki siyo dhambi. Kumtetea mtu aliyeiba siyo dhambi pia, maana hata mwizi ana haki ya kusikilizwa na kuhukumiwa kwa ushahidi. Wapo wanaodhani utakatifu wa mwanasheria unapatikana tu kwenye vituo vya msaada wa kisheria. Kazi hiyo ni njema sana, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua hata wasaidizi wa kisheria wasio mawakili. Lakini hata kwenye msaada wa kisheria mtu anaweza kuajiriwa kwa sababu ni shemeji ya mkurugenzi.

Tunao watakatifu waliopita njia hii. Mtakatifu Yves wa Kermartin, msimamizi wa wanasheria, alizaliwa mwaka 1253 huko Bretagne, Ufaransa, akasoma sheria Paris na Orléans. Alikuwa, kama sisi, mhitimu aliyetafutwa. Kwanza alichukuliwa kuwa hakimu wa mahakama ya Kanisa kule Rennes, baadaye askofu wa Tréguier akamwita kwa kazi hiyo hiyo. Alipokea ajira, akafanya kazi ndani ya mfumo, akakataa zawadi za kununua hukumu, na akawatetea maskini bila malipo. Alifariki tarehe 19 Mei 1303, na tarehe hiyo tunamkumbuka mpaka leo.

Mwingine ni Mtakatifu Thomas More wa Uingereza. Huyu kisa chake kinanigusa kwa sababu ya maneno aliyoambiwa siku alipoanza kumtumikia mfalme. Thomas mwenyewe aliandika baadaye kwamba Mfalme Henry wa Nane alimwagiza amtazame Mungu kwanza, na baada ya Mungu ndiyo amtazame mfalme. Mwajiri gani angesema vizuri zaidi? Mwaka 1529 akawa Kansela, cheo kikubwa kabisa. Lakini mfalme alipotaka kujitenga na Papa, yale maneno ya siku ya kwanza yakasahaulika. Thomas alijiuzulu mwaka 1532, na tarehe 6 Julai 1535 akakatwa kichwa.

Mimi najifunza mambo mawili kwake. Kwanza, hakukosea kuingia. Aliambiwa kazi ya haki, akaikubali. Pili, ahadi nzuri ya siku ya usaili haitoshi. Lazima uwe mtu anayeweza kutoka. Alipojiuzulu kipato kiliporomoka, akaikusanya familia yake na kuongea nao wazi jinsi watakavyopunguza matumizi. Aliweza kusema hapana kwa sababu alikuwa tayari kuishi kwa kidogo.

Kwa hiyo vijana, ushauri wangu wa vitendo ni huu. Ukipata kazi, usipandishe maisha yafikie mshahara mwezi wa kwanza. Weka akiba, hata kidogo. Watu huiita akiba ya dharura. Mimi naiita akiba ya kusema hapana, kwa sababu mtu anayedaiwa kodi, gari na simu hawezi kumkatalia bosi wake kitu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa dhamiri mara nyingi huanzia kwenye madeni ya kujionyesha. Pia ongea na familia kabla ya usaili. Waambie mapema, "Kuna mambo nikiulizwa nitakataa, na ikitokea hivyo tutabana wote." Mimi sasa nafanya kazi kwenye ofisi ndogo, mshahara ni wa kawaida, mdogo wangu alirudi chuo muhula uliofuata. Mjomba na mimi bado tunabishana, lakini anabishana akitabasamu.

Neno la mwisho ni kwenu mlioanza kukaa upande wa pili wa meza. Wapo wasomaji wetu ambao tayari wanaajiri, au wanaombwa na wakubwa wao, "Tutafutie kijana mzuri kutoka Law School." Mnalo tangazo la kazi la zamani sana la kuwaongoza. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Musa alikuwa anaamua kesi peke yake kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mkwewe Yethro akamwambia atafute wasaidizi, akampa sifa: watu wenye uwezo, wanaomcha Mungu, waaminifu, wanaochukia mapato ya dhuluma. Angalieni uwezo umetajwa kwanza. Rozari haiwezi kuchukua nafasi ya kujua sheria ya ushahidi. Mteja anayepoteza nyumba kwa uvivu wa wakili mcha Mungu ameipoteza tu. Lakini angalieni pia kwamba Yethro hakumwambia Musa atafute wenye watu.

Na mkumbuke yule mwenye shamba la mizabibu. Alitoka mwenyewe kwenda sokoni, asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa, hata saa kumi na moja. Aliwakuta waliosimama kutwa nzima, akawauliza kwa nini. Wakasema hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa wavivu, hawakuwa na mtu wa kuwapigia simu. Wapo vijana wa namna hiyo, wametoka vyuo vya mikoani, suti moja, CV imechapwa stesheni. Watokeeni. Na mkiwachukua kwa mafunzo, msiwabebeshe mafaili miezi sita bila hata nauli. Papa Leo XIII alishaandika tangu mwaka 1891, katika Rerum Novarum, kwamba mshahara wa haki si hisani ya tajiri. Ofisi inayodai haki mahakamani huku inamnyima kijana wake nauli, kesi yake ya kwanza iko mlangoni.

Kwa tafakari ya wiki hii, chukua dakika kumi mbele ya Ekaristi Takatifu ujiulize: nikiondolewa kazini kesho kwa sababu nilikataa jambo moja, jambo hilo lingekuwa lipi? Kama hulijui, litafute kabla hujaulizwa na mtu aliyefunga faili lako.

Tusali. Ee Bwana, uliyewaita wavuvi kwa majina yao, watazame vijana wanaotafuta kazi. Uwape mkate bila kuwauza. Uwape ujasiri wale wanaokataa, na uwakumbuke wadogo zao wanaosubiri ada. Utupe macho ya kumwona yule ambaye faili lake liko chini. Amina.

Mtakatifu Yves, utuombee.
Mtakatifu Thomas More, utuombee.